Udongo wa Penye Matundu

Miaka ile ya tisini, ukimuuliza mtu wa kijiji cha Mamba ni nani anafinyanga vyungu visivyopasuka, angekuonyesha kwa kidevu nyumba ya Bernadetha, ile ya pili baada ya mashine ya kukoboa mpunga, halafu angekuonya usiende asubuhi. Asubuhi Bernadetha hakuwa na muda na binadamu. Alikuwa anazungumza na udongo, na mengine aliyouambia yasingefaa kurudiwa mbele ya katekista. Nenda saa tisa alasiri, akishaoga na kuvuta ugoro wake. Hapo ungemkuta mtu mwingine kabisa: angekupa kigoda, angekuuliza habari za watu wako wote, hata wale waliokwisha kufa, na kabla hujaaga ungejikuta umebeba chungu ambacho hukukusudia kukichukua.

Alikuwa mfupi, mabega mapana kama ya mwanamume, na pengo moja la mbele alilolipata kwa kung'ata kamba ya mbuzi. Alizaliwa hapo hapo Mamba, Mpimbwe wa baba na mama, na safari kubwa ya ujana wake ilikuwa kutoka nyumba ya baba yake kwenda nyumba ya mumewe, Antoni, mwendo wa kuvuka mashamba matatu ya mpunga. Antoni alikuwa mkulima mpole aliyemwogopa mke wake na kulifurahia jambo hilo. Alifariki mwaka 1989, akamwachia majaruba mawili ya mpunga, baiskeli isiyo na breki, na wana watano wa kiume.

Watano, na wote wa kiume! Kila alipojifungua watu walipiga vigelegele, naye akashukuru kama inavyopasa, lakini moyoni alikuwa anahesabu. Ufinyanzi kwao haumwendei mwanamume. Mahali pa kuchimbia udongo, mwanamke humwonyesha binti yake, basi. Asipokuwa na binti, humwonyesha mke wa mwanawe, ila mpaka huyo mke aombe mwenyewe kwa kinywa chake. Haitwi, hadokezwi, habembelezwi. Akikaa kimya mpaka mama mkwe anazikwa, basi na udongo unazikwa siku hiyo hiyo.

Usidhani bwawa lenyewe lilikuwa siri. Bwawa la Ilengo, saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mamba, lilijulikana na kila mwenye ng'ombe. Wazee walisema ni kipande cha Ziwa Rukwa kilichosahaulika siku ziwa liliporudi nyuma. Masika lilijaa mpaka kwenye miti, na kiangazi lilinywea, likaacha tope upana wa viwanja vinne vya mpira. Kilichofichwa ni wapi ndani ya tope hilo. Mama yake Bernadetha, mtu wa maneno machache na makofi mengi, alimpeleka pale akiwa na miaka kumi na miwili, akamwambia mambo mawili tu: achimbe penye matundu, na asitumie jembe. Alipouliza kwa nini, alipata kofi, na tangu hapo hakuuliza tena. Kwa zaidi ya miaka arobaini alichimba penye matundu, kwa mti uliochongwa ncha, na vyungu vyake havikupasuka.

Mwaka 1995 mwanawe wa mwisho, Yotham, ambaye ndiye pekee aliyebaki nyumbani, wengine wakiwa wamehamia mbali na wake zao, alioa. Alikuwa anapeleka mchele Mpanda, na huko, mtaa wa Nsemulwa, kwenye nyumba ya rafiki yake, akakutana na Rosine. Rosine alikuwa msichana wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, amezaliwa hapo hapo miaka miwili baada ya wazazi wake kutoka Burundi. Mrefu, mtaratibu, mwenye macho ya kuchunguza kila kitu mpaka kitu chenyewe kinaona haya. Siku anaingia Mamba aliinama kumsalimia mama mkwe, na Bernadetha, aliyekuwa amejiandaa kuwa mkali walau kwa wiki moja, alimpenda kabla hajainuka.

Alipika vizuri. Alipanda mpunga kwa mstari ulionyooka. Alimcheka Yotham pale Yotham alipostahili kuchekwa, yaani mara nyingi. Jambo moja tu: hakugusa udongo. Alikaa mbali na uwanja wa kufinyangia kama mtu anayekwepa siafu. Akiombwa maji analeta, anayaweka pembeni, anaondoka huku anajifuta mikono ambayo haijachafuka.

Yotham ndiye aliyemweleza mama yake sababu, kwa kugugumia, akiwa anatazama miguu yake. Kwa watu wa mkewe vyungu vilifinyangwa na Watwa peke yao, na Watwa walidharauliwa. Binti wa mkulima akionekana na udongo wa chungu mkononi, majirani wangeuliza ameolewa na watu wa namna gani. Mama yake Rosine, Athanasie, alikuwa amemwambia wazi siku ya harusi: huko uendako, kulima lima, kupika pika, kufinyanga hapana. Ni upuuzi, na tena upuuzi wa ajabu, maana huyo huyo Athanasie alichemsha maharage yake kwenye chungu cha Mtwa kila siku ya Mungu, na akayasifu maharage.

Bernadetha aliumia, na hakuficha. Wiki nzima alivikemea vyungu vyake kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Lakini mila ilimfunga: hawezi kumwita mkwe, hawezi kumbembeleza. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba viungo, na macho yake yalianza kuhitaji jua ili kuona ufa. Akawa anangoja, na kungoja hakukuwa kipaji chake.

Agosti mwaka uliofuata alikuja Nkwabi, Msukuma mfugaji wa upande wa Majimoto, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa ndani ya nyumba. Anamwoza binti yake. Anataka mitungi mitatu ya pombe, mikubwa, ya kuingia mtoto ndani, na iwe tayari baada ya wiki tatu. Bernadetha alikubali kabla hajamaliza kusema. Kesho yake Yotham akampakia kwenye baiskeli ya marehemu kumpeleka Ilengo, wakateremka kilima kidogo, na pale breki zilipohitajika kila mtu alikumbuka kwamba hazipo. Yotham alichubuka goti. Bernadetha aliteguka bega la kulia.

Alilala siku mbili akilalamikia kila kitu isipokuwa bega. Siku ya tatu, mchana, alisikia kishindo uani. Alitoka. Rosine alikuwa amesimama karibu na beseni kubwa lililojaa udongo, shingo imelowa jasho kwa mzigo, na mikono yake ilikuwa na tope mpaka juu ya viwiko.

"Mama, nimeona mzee Nkwabi atakuja akukute huna kitu," alisema. "Nimeenda mwenyewe. Nimekuchagulia ule msafi kabisa. Kule pembeni kumejaa kaa wadogo na makombe na minyoo, kunatia kinyaa. Nikaingia katikati, maji ya magoti. Huko tope ni laini, hakuna hata kijiwe."

Bernadetha alichovya kidole gumba. Kidole kikajua mara moja. Ulikuwa laini mno, unateleza kama mafuta, na chini yake kulikuwa na harufu ya yai viza. Hapakuwa na chembe ya mchanga wa kuushika. Katikati ya Ilengo hapakuwa na tundu hata moja, na yeye hakuwahi kuchimba pale maishani mwake. Alifungua kinywa aseme. Akaitazama ile mikono yenye tope, akautazama uso wa Rosine ulivyokuwa unangoja, mwaka mzima na miezi kadhaa tangu aolewe, akayabadili maneno.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa mapenzi matupu. Siku zilizofuata alilifanya tena na tena. Rosine alikanda udongo kwa miguu, akacheka ulivyokuwa unapita katikati ya vidole. Alishika upande wa kulia wa mtungi pale bega la Bernadetha lilipokataa. Alilainisha kwa gunzi la hindi, akasugua kwa kokoto mpaka mtungi ukang'aa. Bernadetha alimfundisha kila kitu, huku moyo wake wa kifinyanzi ukimwambia nyamaza tu, utakiona. Alijidanganya kwamba labda mama yake alikosea. Labda udongo ni udongo. Hakuwahi kuwa na furaha kama wiki hizo mbili, na watu waliopita barabarani walimsikia akiimba asubuhi, jambo lililowatia wasiwasi.

Walichoma siku ya Jumamosi, kwa magome na kinyesi cha ng'ombe kikavu, na nyasi juu. Moto haujatulia vizuri, mtungi wa kwanza ukalia, pu! Rosine alishtuka akamshika mama mkwe mkono. Wa pili ukafuata. Wa tatu ulikaa kidogo, kana kwamba una huruma, halafu nao ukaenda. Walipofukua majivu walikuta vigae, na vigae vyenyewe vinameguka kwa ukucha. Jirani mmoja, Hana, aliyekuwa amekuja kuomba makaa, alitikisa kichwa akasema mkono wa mgeni hauna baraka kwenye udongo wa watu. Alisema kwa sauti ya kutosha.

Rosine alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaingia ndani. Jioni wakati wa kula alisema, bila kuinua macho, "Mama, nisamehe. Hii kazi siyo ya kwetu, ndiyo maana imenikataa. Sitagusa tena."

Siku tatu Bernadetha hakulala vizuri. Nkwabi alikuwa ameshatuma neno kwamba wakwe zake bado wanabishania ng'ombe wawili, harusi imesogezwa mwezi mmoja, kwa hiyo mitungi haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa yule mtoto aliyekuwa anapita uani bila kutazama upande wa udongo, akiamini mikono yake ina kasoro. Bernadetha angeweza kumwacha aamini hivyo. Hakuna ambaye angejua. Siku ya nne alimkuta Rosine anachambua mchele, akakaa chini mbele yake, palepale kwenye vumbi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Nilijua tangu siku ile uliyoshusha beseni. Ule udongo haufai. Hauna tundu, hauna mchanga. Wewe hukukosea, maana hukuambiwa. Mimi ndiye nilijua nikanyamaza."

Rosine aliweka ungo chini taratibu. "Ukanyamaza kwa nini?"

"Ulikuwa na tope mikononi," Bernadetha alisema. "Niliogopa nikikukosoa utanawa usirudi. Nakutaka kwenye udongo, mwanangu. Sina mwingine. Na mila hainiruhusu kukwambia, sasa nimekwambia, basi mila inipige."

Mtu angetegemea machozi na kukumbatiana. Rosine alikasirika, tena alikasirika vizuri, akasimama na pumba za mchele zikaruka. "Yaani mama! Siku zote hizi mimi najiona nina mkosi! Yule Hana amenitangaza kijiji kizima! Na wewe upo tu unaniangalia! Haya nyanyuka. Nionyeshe huo udongo wenu unaofaa. Nataka nione una nini ambacho mimi sikukiona."

Alikuwa ameomba mwenyewe, kwa kinywa chake, ingawa kwa kufoka. Bernadetha alitafuta kanga yake haraka kabla Rosine hajabadili mawazo.

Ilengo ilikuwa imenywea zaidi. Rosine alikwenda moja kwa moja mahali pake pa zamani, ambapo sasa maji yalikuwa yamejitoa, akakata tope kwa panga kama anayekata mkate, akabandua kipande. Kilikuwa cheusi, kinanuka, na ubavuni kilikuwa na mistari myembamba, mweusi, kijivu, mweusi, kijivu, imelala moja juu ya nyingine. Hakuna kilichokuwa kimeigusa tangu izame. Akakiweka juani kidogo, kikaanza kubanduka karatasi karatasi.

Kisha Bernadetha akampeleka ukingoni, penye matundu. Yalikuwa mengi, mengine ya kuingia mkono, mengine ya kuingia unywele, na kila moja lina kivimbe cha tope mlangoni. "Ingiza mkono," alisema. Rosine alikunja uso, akaingiza mpaka kwenye kiwiko, akasikia baridi na ubichi, na kitu kikimkwepa huko ndani. Alipotoa akachukua panga na kukata tena, polepole ili asimuumize mwenye nyumba. Ubavu huu haukuwa na mistari hata mmoja. Kila kitu kilikuwa kimevurugwa pamoja, udongo mzito, chembe za mchanga, vipande vya kombe. Kuta za matundu zilikuwa na rangi ya kutu katikati ya tope jeusi.

"Mama, huu mchanga umefikaje huku chini?"

Bernadetha alifikiri. Zaidi ya miaka arobaini, na hakuwahi kujiuliza. "Mama yangu hakusema," alikiri.

Wakakaa. Hilo nalo lilikuwa jipya kwa Bernadetha, kukaa Ilengo bila kuchimba. Walikaa mpaka matako yakalowa. Kaa mmoja akachungulia, akatoka kinyumenyume amekumbatia tonge la tope, akalitupa mlangoni, akarudi. Baada ya muda akaja na jingine. Upepo ukapeleka mchanga wa juu ukadondokea kwenye tundu la jirani lisilokuwa na mtu. Kwenye maji ya kina kifupi, kome alijivuta kidogokidogo akiacha mfereji nyuma yake. Rosine alichota tope kiganjani akakuta minyoo myekundu, myembamba kama nyuzi, kichwa kimezama na mkia unacheza.

"Si wanakanda!" alisema Rosine ghafla, akamshika Bernadetha bega, lile bovu. "Ona! Wanapandisha la chini, la juu linashuka, mchanga unaingia ndani. Na kwenye matundu maji yanaingia, hewa inaingia, ndiyo maana huku hakunuki. Kule katikati hakuna anayeishi, kwa hiyo kunalala tu. Mama, udongo wako unafika nyumbani umeshakandwa! Ndiyo maana wewe huhitaji kuuchanganya na mchanga!"

Bernadetha alicheka mpaka akakohoa, licha ya bega. Siku zote alidhani matundu ni alama ya baraka tu, kama msalaba mlangoni, na kwamba jembe limekatazwa kwa sababu za wahenga. Sasa akaona jembe lingemkata kaa, na kaa akikatwa nani atakanda? Alimwangalia yule msichana mwenye tope kwenye nyusi na akajiambia kwamba mama yake, pamoja na makofi yake yote, hakuwahi kuuelewa udongo hivi.

Walirudi na vipande viwili, wakaviweka kibarazani. Jioni akapita Mwalimu Fabiani wa shule ya msingi, akaviona, akasimama kuvikodolea macho akasahau alikokuwa anakwenda. Aliwaeleza kwamba chuoni alisoma jambo hilo hilo kuhusu bahari. Chini kabisa ya bahari nako kuna tope, na ndani yake kuna minyoo na kaa na kome wasiohesabika, wanachimba usiku na mchana, wanalipindua, wanaliingizia hewa. Pale ambapo hewa haifiki hakuna anayeishi, na tope hulala mwaka juu ya mwaka, kama daftari, mpaka wataalamu wanaweza kuusoma mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

"Huko baharini nako kuna wafinyanzi?" Bernadetha aliuliza.

"Hapana, mama. Ni kina kirefu mno."

"Basi hao wanyama wanakanda bure."

Rosine alicheka, lakini aliendelea kukitazama kile kipande cha mistari. "Mwalimu, kwa hiyo hiki ni daftari?"

"Ni daftari kabisa," Fabiani alisema kwa shauku.

"Daftari halibebi maji," alisema Bernadetha, akaenda kuvuta ugoro.

Mitungi ya Nkwabi ilichomwa mwishoni mwa Septemba, na yote mitatu ikatoka mizima. Mmoja Rosine aliusimamisha mwenyewe kuanzia kitako hadi mdomo. Nkwabi aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukaitika, akasema kwa sauti yake ya malishoni kwamba huu ndio mzuri kuliko yote. Bernadetha alinuna dakika mbili, kisha akamweleza kila aliyepita ni nani aliyeufinyanga. Jirani Hana alikuja kuomba makaa, naye akaelezwa mara tatu.

Februari Rosine akajifungua msichana, na kwa furaha Bernadetha akavunja chungu chake kipya kwa kukikalia. Kila kitu kingekuwa sawa kama isingekuwa barua ya mwezi wa saba. Athanasie amepata kibali cha siku kumi na nne kutoka kwenye makazi, anakuja kumwona mjukuu.

Rosine aliisoma, akakunja, na siku hiyo hiyo akaanza kusugua kucha zake kwa kijiti. Usiku wa kuamkia safari ya mama yake alisema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba tuvifiche. Siku zile tu. Akiona atanichukua mimi na mtoto, hata kama ni kwa maneno tu. Atalia, na akilia mimi siwezi." Bernadetha alivibeba vyungu mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka nyuma ya banda la kuku, akavifunika kwa mabua. Kila alichokiweka chini kilimuuma, akajua pia ni nini hasa kinachomuuma: udongo ukitakiwa kufichwa leo, Rosine anaweza kuuacha kesho, na safari hii asirudi tena.

Athanasie alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, mwenye skafu nyeupe ambayo haikupata vumbi hata Mamba. Wakwe wawili wale waliheshimiana kwa namna ya kuchosha. Tafadhali mkwe, kaa wewe. Hapana mkwe, kaa wewe kwanza. Bernadetha hakufinyanga siku kumi na moja. Vidole vilimwasha, akawa anakanda ugali mpaka Yotham akalalamika kwamba hautafuniki.

Siku ya kumi na mbili kuku mmoja alikwenda kutaga mafichoni, na Athanasie, mtu asiyependa kuona yai linapotea, akamfuata nyuma ya banda. Alirudi bila yai. Alikuwa ameshika chungu kimoja cha maharage, kidogo, chenye mistari ya meno ya msumeno shingoni.

"Nani amekifinyanga hiki?" aliuliza.

Bernadetha alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu rahisi, ambalo kila mtu angeliamini. Alikwisha vuta pumzi aseme ni yeye. Rosine alikuwa ananyonyesha mlangoni.

"Ni mimi, mama," alisema Rosine.

"Oya," alisema Athanasie kwa Kirundi. Hapana. Akarudia, "Oya, mwanangu."

"Ni mimi. Na mitungi ya harusi ya Msukuma nilifinyanga mmoja. Na sitaacha, mama. Ukitaka kulia, lia, nitakaa hapa nikusikilize." Kisha akamkabidhi Bernadetha mtoto, akaenda kwenye uwanja wa kufinyangia, akatoa udongo wa penye matundu kwenye gunia bichi, akapiga magoti, akaanza.

Alifinyanga mbele ya mama yake kwa saa nzima. Athanasie alisimama kwanza, halafu akakaa kwenye kigoda. Bernadetha alimbeba mjukuu, akijizuia asikosoe. Chungu kilipofika mdomoni Athanasie alikohoa.

"Shingo imepinda upande wa kushoto," alisema.

Rosine alitazama. Ilikuwa imepinda kweli. Akainyoosha.

Hilo ndilo neno pekee alilosema, na Bernadetha hakujua alipime vipi. Kesho yake Athanasie aliongea habari za mpunga na za mtoto, kama kawaida. Siku ya kuondoka wote walimsindikiza mpaka kwenye lori lililokuwa linapakia mpunga mashineni, la kwenda Mpanda kupitia Majimoto. Juu ya magunia walikuwa wamekaa abiria kama kumi, na wanne kati yao ni watu wa Katumba waliomfahamu. Walimsalimia kwa jina. Yotham alimpandishia mchele wake. Mkononi Athanasie alibaki na furushi la kitenge, na utingo akainama kulipokea alirushe nyuma.

"Hili usiliguse!" Athanasie alisema. Sauti yake, ambayo kwa siku kumi na nne haikupanda hata mara moja, ilifika mpaka kwa dereva. "Litavunjika. Ni chungu."

Mmoja wa wale wa Katumba, mwanamke mnene, alicheka. "Chungu? Umetoka kwa Wapimbwe na chungu, mama Rosine? Umepewa na nani?"

Bernadetha aliona Rosine ameacha kupumua. Athanasie alipanda magunia polepole, akakaa, akaweka furushi mapajani, akakifungua kitenge mbele ya watu wote. Kilikuwa kile cha maharage, chenye mistari ya msumeno.

"Sikupewa, nimeomba," alisema. "Kimefinyangwa na mwanangu Rosine. Kishike uone. Kishike kwa mikono miwili."

Yule mwanamke alisita, akakipokea, akakigeuza, akampa wa pembeni yake. Lori lilipoanza kutembea chungu kilikuwa bado kinapita kutoka mikono hadi mikono, na Athanasie amesimama wima juu ya magunia, skafu inapepea, anakifuata kwa mikono miwili iliyo tayari kukidaka. Rosine alilia barabarani bila kuficha uso. Bernadetha alimshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu yule mwanamke msafi wa Katumba, alimwita "mwenzangu", kwa sauti kubwa, akikimbia hatua chache nyuma ya lori, ingawa kwa kelele za injini hakuna aliyemsikia.